Kamba ya Mita Hamsini

Mwaka 1980 nilikuwa na miaka ishirini na saba, na huo ndio mwaka nilioanza kulala chini. Kabla ya hapo nilikuwa na kitanda. Nilikuwa mpakiaji wa marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga, na jioni nilikuwa beki wa timu ya kiwanda. Goti langu likavunjika kwenye mechi ya kirafiki, mechi ambayo hata kombe haikuwa nalo. Halafu kiwanda kikakosa dizeli, kikakosa vipuri, wakapunguza watu, na mwenye goti bovu hana haja ya kuuliza kama jina lake limo. Nikauza kitanda. Mambo ya wazazi wangu na mahali nilipozaliwa siyaandiki, hayana kazi hapa. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, hilo naliandika kwa sababu lina kazi. Na naandika haya sasa, uzeeni, kwa sababu Luhende amekufa na nilikwenda kumzika.

Luhende alikuwa mtu wa Kahama. Hatukuwa ndugu wala marafiki. Maisha yangu yote nilikaa naye ana kwa ana mara moja tu, asubuhi moja ya mwaka huo wa 1980, kwenye benchi la ofisi. Msiba ulikuwa kwake Nyasubi, nyumba ya matofali ya kuchoma, turubai limefungwa mpaka kwa jirani. Nilikaa na wazee wenzangu, nikaletewa wali na nyama kwenye sahani ya bati. Mtoto wake wa kwanza akapita anasalimia wageni. Akafika kwangu. "Shikamoo mzee. Samahani, wewe ulifahamiana na baba wapi?" Nikasema, "Michezoni. Zamani." Uso wake ukafunguka. Akaita wadogo zake, "Njooni, huyu mzee anamjua baba wakati wa mbio!" Wakaja watatu, wakachuchumaa mbele yangu kama watoto, watu wazima wale, mmoja ana mvi. Mkubwa akasema, "Baba alikuwa wa pili mkoa mzima, mwaka themanini. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa upande wa Shinyanga. Dakika nne na sekunde nane. Baba alikuwa akiitaja hiyo nne na nane kama mtu anayetaja namba ya gari lililomgonga." Wakacheka. "Lakini hakuwa na kinyongo. Alikuwa anasema, yule alinizidi, basi." Wakanitazama wakisubiri niongeze. Nikasema, "Alikuwa na mbio." Nikaendelea kula. Wali ulikuwa mzuri, una iliki, nyama imeiva. Nilijisikiliza kama kuna kitu kinachouma, sikukiona. Nikamaliza sahani.

Sasa niseme habari ya kamba.

Baada ya kiwanda nilipata kibarua kwenye shule ya sekondari, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini. Shule siitaji jina. Kazi yangu ilikuwa kufyeka nyasi, kuchimba vyoo, na kubeba maji ya jikoni. Nilipewa kulala kwenye stoo ya michezo. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye. Kilikuwa na dirisha dogo la wavu, nyavu za mpira wa pete zimening'inia kama za kuvulia, mipira saba isiyo na upepo, kisahani na tufe, mfuko wa chokaa ulioganda, na harufu ya mafuta ya taa ambayo haikuwa na chanzo kwa sababu mafuta yenyewe yalikuwa hayapatikani. Nililala juu ya gunia la pamba, kichwa kwenye gozi la mpira. Ulikuwa mwaka wa foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, dizeli hata foleni yake ilikufa. Vita ya Uganda ilikuwa imekwisha lakini malipo yake yalikuwa yanaendelea. Jikoni tulikula ugali wa unga wa njano uliokuja kwa meli, na ukikosekana tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga ukibahatika. Mpishi alikuwa Mama Kabula, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe. Alikuwa akinibakizia ukoko. "Njoo ule, beki," alikuwa ananiambia. "Goti halishibi, lakini tumbo litashiba."

Mwalimu wa michezo alikuwa kijana wa pwani, mpole, hajawahi kuona ng'ombe akichunwa. Mwezi wa pili shule ilichinja ng'ombe dume kwa sherehe ya wageni. Mwalimu akawa na shida yake. Alitaka uwanja wa mbio wa mita mia nne, mzunguko kamili, na futikamba ya chuma aliyoazima ofisi ya ujenzi ilitakiwa kurudi jioni hiyo hiyo, kwa sababu gari lililoileta ndilo lilikuwa na mafuta ya kurudi na halitakuja tena. Nyasi zilikuwa kifuani, mvua inanyesha, uwanja haupimiki siku moja. Mimi nikamwambia, "Mwalimu, nipe ile ngozi." Akauliza ya nini. Nikasema, "Nitakutolea kamba ya mita hamsini, isiyo na fundo hata moja. Futikamba irudi kwao, sisi tutabaki na yetu. Mara nane, una mzunguko."

Wasukuma tunajua kukata ngozi. Unaanza ukingoni, unazunguka na kisu upana wa kidole, unazunguka tena, huinui mkono, mpaka unafika katikati, na ngozi nzima imekuwa mkanda mmoja. Wanafunzi walisimama wakanizunguka. Mimi mwenye darasa la nne nilikuwa katikati na wao wa kidato cha tatu walikuwa wananyamaza. Tuliulaza mkanda chini, wavulana wawili wakauvuta, mwalimu akalaza futikamba pembeni, nikakata kwenye hamsini kamili. Mbichi. Damu bado inanuka. Halafu kwa ile futikamba mwalimu akapima mita mia moja za upande mmoja wa uwanja, akapigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, akasema vitatusaidia. Futikamba ikaondoka.

Mtoto yeyote aliyewahi kufunga ndama anajua kwamba ngozi mbichi ikikauka hujivuta. Nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. Lakini niliipaka samli, nikaitandaza kati ya miti miwili nikaining'inizia mawe, nikajiambia imenyooka, samli itaishika. Na nilikuwa nimesifiwa mbele ya watu. Mwalimu aliniuliza, "Haitabadilika, Mhoja?" Nikamjibu, "Mwalimu, kamba yangu haidanganyi."

Mwezi wa nne mwalimu akahamishwa. Mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa mzee mkali mwenye kikohozi. "Mhoja, unajua kusoma?"

"Nasoma, mkuu. Polepole."

"Filimbi unajua kupuliza?"

"Hiyo najua."

"Basi shika michezo mpaka waniletee mwalimu. Na sikiliza. Ukinipatia mtoto mmoja kwenye timu ya mkoa, mmoja tu, nitakuombea ajira ya kudumu. Bila hivyo mwisho wa mwaka kibarua chako kinaisha, maana fungu limeisha."

Nilirudi jikoni nikamwambia Mama Kabula. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kocha wa darasa la nne! Wasomi watapigwa filimbi na mtu asiyejua kuandika jina la ugonjwa wake." Lakini siku hiyo aliniwekea nyama. Na wanafunzi walinijaribu kwa wiki moja. Walinisalimia kwa Kiingereza makusudi, nikiitikia wanacheka. Siku ya nane nikawaamsha alfajiri wote, nikawakimbiza mpaka mtoni na kurudi, mimi mbele na goti langu bovu. Walipofika wanatapika nikawauliza, "Kwa Kiingereza hii inaitwaje?" Kuanzia hapo nikawa Kocha.

Mvua zilipopungua nikafyeka uwanja. Nikaanzia kigingi cha chuma cha kwanza, nikalaza kamba yangu mara nane, nikachora mistari kwa majivu ya jikoni. Kigingi cha pili sikukitafuta, nyasi za upande ule zilikuwa bado nene na kamba nilikuwa nayo. Ukawa uwanja mzuri. Watu walikuja kuutazama.

Mkimbiaji wangu alikuwa Shija, kijana wa Mhunze, kidato cha tatu, mwembamba, masikio makubwa, mtu wa maneno machache. Mbio zake zilikuwa mita elfu moja na mia tano. Shule ilikuwa na saa moja ya kubonyeza, naivaa shingoni na kulala nayo. Mwezi wa tano nikampima Shija, dakika nne na sekunde kumi na tano. Sikuamini, nikampima tena, nne na kumi na mbili. Mwezi wa sita, nne na nane. Mkuu mwenyewe alikuja na kiti chake akakaa mstarini, akatazama saa, akanitazama mimi. "Mhoja," akasema, "wewe ulikuwa wapi siku zote?" Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama hilo. Nilikwenda stoo nikakaa juu ya gunia langu. Nilihisi kama mtu aliyepewa jina.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nafyeka zile nyasi za pembeni, zilikuwa zimekauka sasa. Fyekeo likagonga chuma. Nikainama. Kigingi cha pili cha mwalimu wa pwani, kimesimama wima pale alipokipigilia. Nikageuka kutazama mstari wangu wa mita mia. Ulikuwa nyuma yangu, hatua tisa. Nilihesabu. Nikaleta kamba, nikaanzia kigingi cha kwanza, nikalaza mara mbili. Iliishia kwenye mstari wangu, hatua tisa kabla ya chuma. Nikaigusa kamba. Ilikuwa ngumu kama fimbo, nyembamba, imejivuta. Mita hamsini zilikuwa zimebaki arobaini na sita. Hesabu yangu si nzuri lakini hiyo niliiweza. Kila mzunguko ulikosa mita thelathini na mbili, na Shija kwenye elfu moja mia tano alikuwa amekimbia pungufu ya mita mia na ishirini. Ile nne na nane haikuwepo duniani.

Jua lilikuwa la saa tano. Uwanja mtupu, watoto wako madarasani, jikoni nasikia Mama Kabula anagombana na kuni. Fomu ya mkoa ilikuwa mezani kwa karani wa shule inasubiri sahihi yangu. Nilisimama pale, sijui muda gani. Halafu nikaanza kukitikisa kile kigingi huku na huku mpaka kikalegea, nikakichomoa, nikakibeba hatua tisa, nikakipigilia kwenye mstari wangu kwa mgongo wa fyekeo. Shija akawa amefika bila mimi kumsikia, ametumwa kuniita. "Kocha, unafanya nini?" Nikamwambia, "Kilikuwa kimelegea." Akaitikia, "Haya," akaondoka. Nikafukia tundu la zamani kwa mguu.

Wanaoandika maisha yao huwa wanaeleza mioyo yao ilivyokuwa siku kama hiyo. Yangu haikuwa na chochote. Nilikuwa nawaza kitanda. Nilikuwa nawaza kwamba mwisho wa mwaka nitarudi kulala kwenye baraza la mtu. Mchana nikala ugali wa njano na mlenda, nikaongeza. Mkuu akaniita kuweka sahihi. Akauliza kwa kikohozi chake, "Uwanja wako una mia nne kamili?" Nikasema, "Mia nne, mkuu. Vigingi vya futikamba vipo, nenda kavione." Nikaandika jina langu polepole, Mhoja, nikahakikisha kila herufi.

Mwaka mwingine wowote, mkoa ungewakusanya watoto wote mjini wakimbie, anayeshinda anachukuliwa. Mwaka ule magari hayakuwa na mafuta. Ikaamuliwa kila shule ilete muda kwenye karatasi, na kamati ichague kwa karatasi. Elfu moja mia tano ilikuwa na nafasi moja. Timu ingekwenda Mwanza kwenye mashindano ya kanda, na kule wawili wa kwanza wa kila mbio walikuwa wanachukuliwa moja kwa moja na chuo cha ualimu wa michezo, bila kutazamwa alama za darasani. Hilo lilijulikana kwa kila mtoto mwenye miguu.

Nilipeleka fomu mwenyewe kwa baiskeli. Ofisi ya afisa michezo ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao laini, na nje yake benchi; karani akapokea fomu, akaniambia nisubiri hapo. Kwenye benchi alikuwa amekaa kijana mrefu, miguu imejaa vumbi, sare ya shule imefuliwa bila sabuni. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba. Nilikuwa na matobolwa kwenye kitambaa, nikamkaribisha, akachukua kimoja kwa adabu, nikamwambia achukue zaidi, akachukua. Akasema anaitwa Luhende, ametoka Kahama. Alitembea mpaka Isaka, akaomba kwenye treni ya mizigo, akalala juu ya magunia. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Nimesikia kuna mtu wa huku ana nne na nane. Mimi nina nne na kumi na tisa. Nimekuja kuwaomba tukimbie wote wawili, waone kwa macho. Akinishinda nitarudi." Kisha akasema, akitazama kidole chake cha mguu, "Masomo yananishinda, mwalimu. Miguu ndiyo inanisomea." Hakujua mimi ni nani. Nilimwuliza kama uwanja wao umepimwa. Akasema ulipimwa na watu wa barabara.

Ndani, nyuma ya mbao, afisa alikuwa anaongea na karani wake. "Huyu wa Kahama namjua, mwaka jana nilimwona kwa macho yangu. Anakimbia kama anakimbizwa na nyuki."

"Lakini mzee, nne na nane hiyo."

"Nne na nane ya nani? Ya baiskeli?" Wakacheka. "Haya, karatasi ni karatasi. Yuko nani hapo nje, yule kocha wa shule ya pale? Mwite."

Hakuniita ndani, alitoka mwenyewe. Alikuwa mtu mzuri, ana haraka. Akasema, "Bwana Mhoja, umemwona huyu kijana. Kaja kwa treni ya mizigo. Mimi nasema, wako si yuko karibu? Mtu aende na baiskeli amlete, jioni saa kumi wakimbie hapa uwanja wa mpira, mizunguko yoyote tu, wanatoka pamoja wanafika pamoja. Atakayetangulia ndiye jina lake linakwenda. Maana fomu lazima iondoke na treni ya usiku."

Luhende alikuwa ameshasimama. Alikuwa anafungua kifungo cha shati.

Nikasema, "Shija ana malaria."

"Toka lini?"

"Toka juzi. Yuko kitandani, anatetemeka."

Afisa akapuliza pumzi. "Hata jioni hawezi kusimama?"

"Daktari kasema alale wiki."

Akatazama zile karatasi mbili mkononi mwake, akamtazama Luhende, akasema, "Ndugu yangu, umesikia mwenyewe. Siwezi kumkimbiza mgonjwa, na siwezi kumkata mwenye muda mzuri kwa sababu ya homa." Akarudi ndani. Luhende akafunga kifungo. Nilidhani atanung'unika. Alinigeukia mimi, sasa anajua mimi ni nani, akanishika mkono kwa mikono miwili kama tunavyofanya kwa mtu tunayemheshimu. "Mpe pole, mwalimu. Mwambie apone haraka, akimbie vizuri huko Mwanza." Nikasema nitamwambia. Nikampa matobolwa yaliyobaki, na kitambaa chake. Shija wakati huo alikuwa darasani mzima wa afya, na mimi nilirudi kwa baiskeli upepo unanisukuma mgongoni.

Mwanza nilikwenda na timu kwa treni. Mhindi mmoja wa duka la viatu pale mjini, mzee mwema, alikuwa amempa Shija raba mpya kwa sababu alisikia mkoa una mtu wa nne na nane. Siku ya mbio nilisimama kwenye kona ya mwisho. Wenzangu makocha walikaa mstari wa kumalizia, wakaniuliza mbona nasimama mbali. Nilikuwa nimepima kwa hatua kutoka mstarini kurudi nyuma, nikafika mita mia na ishirini, nikasimama hapo hapo. Nilijua atachokea wapi kabla hajaanza kukimbia. Wakapigiwa bastola. Shija akatangulia mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu wa mkoa wetu wanapiga kelele, wanataja jina lake. Akaja kona ya mwisho akiwa wa kwanza. Akafika mbele yangu, na pale pale miguu yake ikawa ya mtu mwingine. Nilimwona usoni. Hakuwa na maumivu, alikuwa anashangaa. Mwili wake ulikuwa umefika na mstari haupo. Wakampita mmoja mmoja. Akawa wa tisa.

Kwenye treni ya kurudi alikaa dirishani, raba ziko mapajani. Tulipita vituo vingi. Halafu akasema, "Kocha, uwanja wa Mwanza ni mrefu."

Nikamwambia, "Viwanja vyote ni sawa. Miguu yako ndiyo mifupi."

Hakukimbia tena. Nilimtuma, nilimtishia, mkuu alimchapa, hakukimbia. Raba alimpa mdogo wake.

Barua yangu ya ajira ilikuja mwezi wa kumi na moja, kwa sababu mkuu alidai mtoto kwenye timu ya mkoa, hakudai ushindi. Nilinunua kitanda. Mama Kabula alipika wali siku hiyo, wali mwaka ule, sijui aliupata wapi, akasema, "Sasa oa, kocha, kitanda kikubwa hicho." Mwaka uliofuata nilisafiri mpaka ofisi ya ujenzi, nikaazima futikamba ya chuma, nikaupima uwanja upya peke yangu siku ya Jumapili. Muda wa watoto wote ukaharibika. Mkuu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni unga wa njano, hauna nguvu.

Baada ya hapo nilifanya kazi ile miaka ishirini na tatu, na siombi radhi kwa hiyo miaka. Nilipeleka watoto kanda, nilipeleka watoto taifa. Kutoka kufyeka nyasi nilifika kuwa mratibu wa michezo wa shule za wilaya, mimi, na waliokaa chini yangu kwenye vikao wana digrii. Nilipanga ratiba, niligawa waamuzi, nilitatua kesi za wanafunzi mamluki wanaochezeshwa kwa majina ya wengine. Nilikuwa mkali kwa udanganyifu kuliko mtu yeyote. Nilifungia shule nzima mwaka mmoja kwa umri wa mchezaji mmoja. Na kila uwanja mpya ulipopimwa nilisema ile futikamba ije kwanza, nishike mimi mwanzo wake. Walidhani ni bidii. Tulipokwenda na timu Geita nilisikia kwamba yule wa Kahama yuko machimboni, kwenye yale mashimo ya dhahabu wanayoyaita maduara. Sikwenda kumtafuta. Nilikuwa na ratiba. Nyasubi pale msibani ndipo nilipoelezwa yaliyobaki. Alichimba miaka kumi na minane, akapata nyumba ile, na vumbi la mawe likamkaa kifuani mpaka likamwua. Mkimbiaji, kwa kifua.

Nilipotoka msibani sikurudi nyumbani. Nilipanda gari mpaka Mhunze, kwa Shija. Ana familia kubwa, ana ng'ombe, masikio yake yamezidi kuwa makubwa. Alinipa kiti, nikakaa. Nikamwambia Luhende wa Kahama amekufa. Akasema hamjui. Nikamwambia alikuwa nani, na ile siku ya benchi, na malaria. Halafu nikamwambia habari ya kamba. Nilidhani atashtuka. Akasema, "Ya kamba naijua, Kocha. Mwanza jioni ile niliuzunguka uwanja wao nikihesabu hatua. Nilivyorudi nikauhesabu wetu. Hazikulingana kwa mbali."

"Ulijua toka mwaka ule?"

"Toka wiki ile."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Ungefukuzwa. Nilisema, mzee wa watu, darasa la nne, kakosea kupima, ndiyo uwezo wake. Nikakuonea huruma." Akafikiri kidogo. "Ila kile kigingi. Siku ile nilikukuta unapigilia kigingi. Sikuwahi kuviunganisha." Akanitazama. "Mimi nilidhani hujui."

Nikasema, "Nilijua."

Mbuzi walikuwa wanaingia zizini, mmoja anakohoa. Baadaye akageuka, akamwita mkewe, "Mama Ngassa, mgeni hajala." Likaletwa bakuli la mtindi na ugali wa mtama, tukanawa, tukala wote kwenye sahani moja. Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuniita Kocha. Alisema, "Haya, mzee Mhoja, safari njema."

Leo nina nyumba ya vyumba sita, ya bati. Ng'ombe kumi na wanane na mbuzi ambao sijawahesabu mwezi huu. Shamba la pamba na dengu. Mashine moja ya kusaga, inafanya kazi. Pikipiki ya mjukuu, kadi ina jina langu. Vitanda vinne. Saa ya kubonyeza, imekufa. Filimbi mbili. Vyeti kumi na moja ukutani. Kigingi kimoja cha chuma. Kamba moja ya ngozi ya ng'ombe dume, isiyo na fundo. Nimeipima jana kwa futikamba, mita arobaini na tano na nusu.